Taa ya Kijani ni ya Baba Mkwe

Uso wa baba mkwe wangu siujui. Nimeishi na mwanawe mpaka binti yetu kafika chuo, lakini leo ukinipangia picha za wazee wa Rungwe ukaniambia nichague wa kwangu, nitakuokotea jirani yake. Nipangie viatu, hapo tutaelewana. Viatu vyake navijua, fimbo yake naijua, koti lake la kahawia nalijua kwa mgongoni mpaka kiraka, na kikohozi chake nakijua kuliko cha mume wangu ninayelala naye. Uso ndio sijaruhusiwa.

Mimi ni Mhehe wa Mafinga. Kwetu nako wakwe wanaheshimiana, tena sana, lakini kwa Wanyakyusa nilikoolewa mambo yako daraja jingine. Siku chache baada ya harusi, shangazi wa mume wangu walinikalisha mkekani wakanipa sheria. Hutakaa chumba kimoja na baba mkwe. Hutamtazama. Hutaongea naye. Mkitaka kukutana njiani, wewe ndiye unayepotea: unaingia migombani, unasubiri apite.

"Na kama hakuna migomba?" nikauliza, maana mdomo wangu haujui kulala.

Wakatazamana kama nimetukana. "Rungwe? Hakuna migomba?"

Basi nikawa naingia migombani. Jamani, nimeingia migombani! Nimeingia na ndoo kichwani, nimeingia na mtoto mgongoni, nimeingia na gauni la kanisani lililotoka kupigwa pasi, tena mvua imetoka kunyesha. Mzee naye alikuwa mstaarabu. Akikaribia kona anakohoa mara moja, anasimama, ananipa muda wa kuyeyuka, ndipo anapita. Wakati mwingine namsikia huku nimejibanza kwenye majani, anasema peke yake kwa sauti: "Njia hii leo ina utelezi, mtu akitoka aangalie." Hakuwa anaongea na mimi, angewezaje? Alikuwa anaongea na njia.

Kuna jambo jingine alilisema ambalo lilinifanya nimpende mzee huyo kama baba aliyenizaa, na lazima nilieleze hapa, la sivyo hutaelewa kwa nini nilihangaika na taa za shaba kama mwendawazimu. Miaka ya mwanzo sikupata mtoto. Mwaka ukaisha, mwingine ukaisha, minong'ono ikaanza. Mwisho ndugu wakaitisha kikao uani kwa mzee, wakawa wanazungumza kama mume wangu aongeze mke au mimi nirudishwe Mafinga. Nilikuwa jikoni nyuma yao, nachochea kuni, machozi yananitoka nikisingizia moshi. Walikuwa wanaongea Kinyakyusa, ambacho wakati ule nilikuwa nakipata nusu nusu. Mara mzee akasema kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya juu: "Yule ni mtoto wangu. Anayetaka kumrudisha Mafinga aanze kunirudisha mimi." Kikao kikaishia hapo. Nilidhani ni hasira tu zilizombadilisha lugha, wanaume wengi ndivyo walivyo. Sikuwahi kumshukuru. Ningemshukuruje mtu ambaye siruhusiwi hata kumwambia shikamoo?

Sasa mama mkwe akafariki, mzee akabaki peke yake kule kijijini, na miguu ikaanza kumgomea. Msimu wa baridi uliopita alianguka ndani kwake asubuhi, akakaa sakafuni mpaka jioni jirani alipopita kuomba jembe. Daktari akasema huyu mzee asiishi tena peke yake. Mume wangu ndiye mtoto aliye karibu, kwa hiyo mzee akaletwa kwetu, Mbeya mjini.

Nyumba yetu ni ndogo, nisikufiche. Mume wangu anauza mbao, na mtu wa mbao hajui kuacha nafasi wazi. Vyumba aligawanya mwenyewe kwa mbao kutoka Mafinga, mbao za kwetu, kwa hiyo hata kuzilaumu siwezi. Kila chumba ukikaa kitandani unafungua dirisha, kabati na mlango bila kunyanyuka. Dari alilishusha ili joto lisipotee, na balbu ikawa inaning'inia kwenye waya usawa wa paji la uso wake. Kila jioni anaigonga, kila jioni anaitukana. Katikati kuna korido. Korido hiyo watu wawili hawapishani mpaka mmoja ageuke ubavu na mwingine avute pumzi. Upande huu kuna jiko, upande ule bafu na choo, chumba cha mzee kiko katikati. Jiko halina mlango wa nje. Mume wangu alisema ataweka, na bado anasema.

Niambie migomba iko wapi hapo.

Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Mume wangu anaondoka alfajiri, ninabaki mimi na mzee mpaka nitakapokwenda kwenye kibanda changu cha kushona mapazia. Natoka jikoni na beseni, mlango wa mzee unafunguka, narudi kinyumenyume na beseni, maji yote kifuani. Naingia bafuni, nasikia fimbo inakuja, najifungia, nakaa humo mpaka maziwa yanachemka yanamwagika yanaungua, nasikia harufu na siwezi kutoka. Mzee akaona anisaidie kwa ustaarabu wake ule ule: akitaka kutoka, anakohoa. Lakini Mbeya mwezi wa sita hakuna mtu asiyekohoa! Yeye anakohoa kwa sababu ya baridi, mimi najirusha nyuma ya mlango wa jiko. Anakohoa tena, najirusha tena. Siku moja nilijirusha nikiwa na mwiko wa ugali wa moto, alama ninayo mkononi mpaka leo.

Kuongea, tulikuwa tunaongea kupitia mume wangu, ambaye ni mjumbe mbovu kuliko wote niliowahi kuwaona. Mbao haizuii sauti. Mzee anasema chumbani kwake, namsikia neno kwa neno: "Mwambie mkeo chumvi imezidi." Mume wangu anakuja jikoni: "Baba amefurahia sana mboga." Nami nasema: "Mwambie baba nimesikia, kesho nitapunguza." Anarudi kule: "Mke wangu anakushukuru." Mimi na mzee tumesikiana vizuri kabisa, aliyepotea ni huyo wa katikati.

Jumatatu jioni nikasikia maneno ambayo hayakuhitaji mjumbe. "Mwanangu, Jumamosi nitafutie gari nirudi Rungwe. Nyumba hii haina mahali pa mkwe kupita. Huyu binti anaishi kama panya kwenye nyumba yake mwenyewe, na mimi sikuja kumtesa mtoto wa watu."

Mume wangu akaja jikoni, akasimama. Nikamsubiri.

"Baba anasema hali ya hewa ya huku inamsumbua," akasema.

"Toka mbele yangu," nikamwambia.

Usiku ule nilikasirika mpaka mume wangu akahama upande wa kitanda. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia korido, nikawakasirikia wale shangazi na mkeka wao. Mzee akirudi kule ataanguka tena, na safari hii jirani anaweza asihitaji jembe. Na atakuwa ameondoka kwa ajili yangu mimi. Moyo uliniuma, nasema kweli.

Asubuhi nikakumbuka kitu. Nilishawahi kumpeleka jirani hospitali kupigwa picha ya mkono, na juu ya mlango wa chumba kile kulikuwa na taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna anayeingia, hata awe nani. Nikasema, ndiyo hiyo hiyo! Taa mbili koridoni, moja ya mzee, moja yangu. Anayetaka kutoka anawasha yake kabla ya kufungua mlango, akirudi anazima. Ukichungulia ukaona taa ya mwenzio inawaka, unarudi ndani unasubiri. Hakuna kukohoa, hakuna kujirusha.

Mume wangu akaipenda, kisha akaiharibu. "Nitaleta balbu mbili nyekundu, tunaning'iniza."

"Balbu nyekundu koridoni? Watu wakichungulia mlangoni waseme nimefungua gesti?"

Na hapo ndipo ubishi wangu ulipoanza. Mimi nashona mapazia, naingia kwenye nyumba za watu, najua taa mbaya inavyoweza kufanya chumba kizuri kifanane na stoo. Kama mzee atakaa kwetu, na atatembea kwenye korido ile akiwa na umri ule, basi atatembea chini ya kitu kizuri, si chini ya balbu ya banda la kuku. Nilitaka taa za ukutani, za shaba na kioo. Za dari zisingewezekana, hilo paji la uso la mume wangu lilikuwa shahidi.

Nikaanza kuzunguka madukani Mbeya. Nilichokiona! Taa za ukutani zipo, lakini zimetengenezwa kwa sebule ya waziri. Moja ilikuwa na mikono mitatu na vishanga vinaning'inia, ukiiweka kwenye korido yangu mzee ataingia bafuni na hereni. Nyingine ilichomoza mbele kama mkono wa trafiki. Muuzaji mmoja kijana akaniapia kuwa ni shaba tupu. Nikaikwaruza na ukucha, dhahabu ikabaki kwenye ukucha. Nikamwonyesha. Akasema, "Mama, hiyo ni vumbi."

Nilikuwa na safari ya Iringa kufuata vitambaa, nikaondoka kesho yake. Iringa kuna duka kwenye mtaa wa zamani, la mama mmoja Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani kuja kuuza nguo, wakaonja baridi, wakalalamika, wakabaki. Vitambaa vyangu nachukua kwake, na nyuma ya vitambaa ana taa, vioo, birika na makorokoro mengine ambayo hayajui bei mpaka akutazame usoni.

"Karibu mwanangu. Leo umekuja na sura ya kugombana."

"Nataka taa za ukutani, mama. Za vyumba vidogo."

"Vidogo kiasi gani?"

Nikasimama katikati ya duka, nikanyoosha viwiko vyote viwili. "Hivi."

"Hicho si chumba, hicho ni kaburi," akasema, kisha akaomba radhi kwa Mola wake. "Cha nini?"

Nikamweleza. Nikamweleza migomba, mlango wa jiko, kikohozi, mwiko, maziwa. Yule mama alicheka mpaka akashika meza, akatafuta kiti, akakikosa, akakaa juu ya mzigo wa vitenge. "Sisi mkwe tunakula naye sahani moja!" akasema akijifuta machozi. "Tena ananipokonya kitoweo!" Nikaanza kununa. Akaniona, akanyamaza. "Na akiondoka huyo mzee, itakuwaje?"

"Ataanguka tena, mama."

Akainuka, akaacha utani, akaingia nyuma. Akatoka na maboksi, akayapanga mezani, akaanza kunifundisha kwa ukali kama mwalimu wa madrasa. Kioo cheupe kabisa, kile unachoona balbu ndani, akakisukuma pembeni: korido ndogo, taa iko usawa wa macho, itampofua mzee. Taa ndefu ya kuchomoza akaikataa, akanigonga nayo begani ili nielewe, na nikaelewa. Iliyoelekea chini akaikataa, kwamba inatupa vivuli sakafuni na mzee ataruka kivuli chake mwenyewe. Kisha akatoa sumaku kwenye droo, akaanza kuipitisha kwenye taa zake mwenyewe bila huruma. Hii inanasa, ni chuma kilichopakwa. Hii inanasa. Hii inanasa, "na niliuziwa kwa kiapo." Hatimaye sumaku ikateleza ikaanguka mezani. Tukatazamana.

Zilikuwa mbili, za shaba ya manjano, fupi tu, bapa, za kukaa ukutani kama bakuli lililokatwa nusu. Kioo chake kinene, hakionyeshi balbu, mwanga unatoka umepoa. Moja ilikuwa ya kijani, ya pili rangi ya asali. Shaba yake ilikuwa imefubaa, akachukua kipande cha ndimu na chumvi akasugua pembeni, ikang'aa mpaka nikajiona pua. Mimi nilizipenda hapo hapo, na kosa langu ni kwamba ilionekana usoni, kwa hiyo kupatana bei kulikuwa kwa aibu tu.

"Ya kijani mpe mzee," akasema akifunga. "Ya asali iwe yako. Wewe una hasira, ikupoze."

Kwenye basi niliziweka mapajani, zimezungushiwa vitenge na pumba, na sikumwamini mtu. Kondakta alitaka aziweke chini. Nikamwambia aanze kuniweka mimi. Mafinga tukasimama, mdogo wangu kaja kunisalimia dirishani, nikampa vidole viwili tu maana vingine vilikuwa kazini. Tulipofika Nyololo, wauza viazi walijaa dirishani, abiria wote wamesimama wananunua, mimi nimekaa kimya nimekumbatia. Baba mmoja wa kiti cha jirani akashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mayai?"

"Ni taa."

Akafikiri mpaka karibu na Makambako. "Taa gani hiyo inabebwa kama mtoto wa homa?"

"Ya baba mkwe."

Nadhani alikuwa Mnyakyusa, maana alisogeza goti lake pembeni kwa heshima.

Alhamisi jioni akaja fundi umeme wa mtaani kwetu. Huyu fundi sifa yake ni moja: kila kazi kwake ni ndogo. "Mama, hii kazi ndogo." Alitoboa ukuta akiwa anaongea na simu imebanwa begani, akimbembeleza mtu ambaye kwa namna nilivyosikia hakuwa mkewe. Swichi moja akaiweka jikoni kwangu, ndani, karibu na mlango. Nyingine chumbani kwa mzee, ndani, karibu na mlango. Taa zikakaa koridoni, ya kijani upande wa mzee, ya asali upande wangu. Alipomaliza akaziwasha zote mbili kwa pamoja. Zikawaka. Jamani, zilivyopendeza! Ile korido iliyokuwa kama kaburi ikawa kama ndani ya chupa ya asali mtu ametumbukiza jani. Hata mume wangu alitoka akasimama chini yake, bila kugonga kichwa, akasema kumbe mbao zake ni nzuri.

"Zinawaka, mama," fundi akasema, akaondoka na simu yake.

Mume wangu akampelekea baba yake maelezo, na kwa mara ya kwanza aliyafikisha yote. Ya kijani ni yako, baba, ya asali ni ya mke wangu. Ukiona ya mwenzio inawaka, usitoke. "Nimeelewa," mzee akasema. "Ni taa nzuri. Lakini gari la Jumamosi usiliache." Nikasikia, nikajikaza.

Ijumaa asubuhi mume wangu akaenda kazini. Uji ukaiva. Nikataka kwenda bafuni mara moja kabla ya kuumimina. Nikawasha swichi yangu, nikafungua mlango kidogo, nikachungulia. Taa ya kijani inawaka. Aa, mzee katangulia. Nikafunga mlango, nikazima swichi yangu kwa adabu, nikasubiri. Nikachungulia tena, kijani imezimika, kapita. Nikawasha yangu, nikafungua: kijani! Huyu mzee leo ana safari nyingi, nikasema. Tumbo labda. Nikaanza kujilaumu ile mboga ya jana. Nikazima, nikasubiri. Nikawasha: kijani. Nikazima. Sasa mimi mwenyewe hali ilikuwa inazidi kuwa mbaya, nimekunja miguu kama mtoto wa chekechea, uji unaganda, na mzee wa watu anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, na cha ajabu fimbo yake siisikii hata kidogo.

Nilisikia kitu kingine. Nilisikia swichi. Tap. Kimya. Tap. Kimya. Kisha mzee akapumua kwa nguvu, pumzi ya mtu ambaye naye miguu ameikunja.

Mtu mwingine yeyote duniani angefungua mlango akatazame. Mtu mwingine angeita. Sisi tulibaki, mimi huku, yeye kule, kila mmoja anampisha mwenzake ambaye hatoki, na mjumbe wetu yuko mjini anauza mbao. Kumwita siwezi. Kutoka siwezi, taa imesema. Nikatazama jikoni kote kutafuta msaada, nikaiona sufuria ya uji. Nikakumbuka mzee alivyokuwa akiongea na njia.

"Wewe sufuria," nikasema kwa sauti, "hebu mwambie mzee apite tu, mimi nangoja."

Nikajua nimeharibu, nimevunja miiko yote ya Rungwe kwa siku moja. Kisha kutoka upande wa pili wa mbao ikaja sauti, taratibu:

"Wewe fimbo, mwambie huyo mama apite yeye. Mimi ndiye ninayengoja tangu uji haujaiva."

"Sufuria, mwambie mzee taa yake ndiyo inayowaka!"

"Fimbo, mwambie nimekaa kitandani. Taa inayowaka ni ya kwake."

Nikawasha swichi yangu, nikachungulia. Kijani. Nikazima, ikazimika. Nikawasha, kijani. Mungu wangu! "Sufuria," nikasema, "mwambie mzee fundi kachanganya waya. Nikiwasha yangu inawaka ya kwake!"

Tap, kule. Asali ikawaka. Tap, ikazimika. Na hapo nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu niingie kwenye ukoo huo: mzee alicheka. Alianza kama anakohoa, nikataka kujirusha kwa mazoea, kumbe anacheka, anacheka mpaka kitanda kinalia, na mimi huku nimeegemea mlango nacheka, sufuria mkononi, hali yangu ile ile mbaya.

"Fimbo," akasema alipopata pumzi, "mwambie apite haraka, akichelewa tutafua."

Nikapita mbio.

Jioni mume wangu aliposimuliwa alikasirika na fundi, akasema kesho atamleta arekebishe. Hakuna aliyesema lolote kuhusu gari. Jumamosi likaja, tukalisikia likipiga honi nje, na mume wangu akatoka chumbani kwa baba yake na lile begi la safari, tena limefungwa zipu. Nilikuwa jikoni, mlango nimeurudisha. Nikaona kwenye upenyo koti la kahawia linasimama mlangoni kwake, kwa mgongoni. Basi kacheka tu, nikasema moyoni, kucheka si kukaa.

Ningeweza kumpa mume wangu maneno, alikuwa amesimama pale pale. Lakini haya yalikuwa maneno yangu, na yeye angeyatoa chumvi yote. Nikashika sufuria. Ilikuwa tupu, nimeshaiosha.

"Sufuria," nikasema, "mwambie mzee, siku ile ya kikao nilikuwa jikoni. Nilisikia. Mwambie sijapata kumshukuru. Mwambie asirudi kule peke yake, nitaumia."

Mume wangu akasimama koridoni na begi, anatazama mlango wangu, anatazama mgongo wa baba yake. "Nani anaongea na nani?" akauliza.

Fimbo ikagonga sakafu mara moja.

"Fimbo," mzee akasema, "mwambie nilijua yuko jikoni. Wenzangu wote pale walikuwa Wanyakyusa. Anadhani Kiswahili nilikuwa namwambia nani?"

Nikakaa chini, pale pale sakafuni, na sufuria yangu. Nje gari likapiga honi tena.

"Na mwambie mwanangu arudishe hilo begi chumbani," akaendelea. "Amlipe mwenye gari usumbufu. Na huyo fundi asije kugusa taa zetu."

"Lakini baba, zimechanganywa," mume wangu akasema.

"Wenyewe tunajua," mzee akasema. Nikasikia mlango wake ukifungwa, kisha tap, na kwenye upenyo wangu taa ya asali ikawaka. Nikajifuta uso kwa kanga, nikabaki jikoni, mzee apite.